Wadudu Gani?

Kwa miaka minne nilisimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa za mifugo mjini Kitale, nikiwauzia watu dawa za kuua wadudu. Haikuwa kazi ya kuringia, maana ukifika nyumbani jioni hata chapati inanuka dawa ya kuogeshea ng'ombe, lakini niliijua. Nilijua dawa ya kuchanganya na maji, ya kumwaga mgongoni, ya unga, na ile nyeusi ya kupaka masikioni. Wateja walitoka mpaka Suam, wakaondoka wakiamini nilichowaambia. Mimi mwenyewe nilikiamini zaidi yao.

Mwenye duka alikuwa mama wa makamo, mtu wa ukoo uliotoka Nyeri zamani kuja kutafuta shamba Trans-Nzoia. Hakuwa mtu wa maneno mengi, ila kwa jambo moja hakuchoka kunisomea: usiuze dawa kabla hujauliza. Mnyama gani? Wadudu gani? Mkubwa au mdogo?

"Mtu akikuambia ako na shida ya wadudu," alisema, "hajakuambia kitu. Wadudu si jina, ni ukoo."

Na kweli. Huku kwetu bara kila kitu ni wadudu. Kiroboto ni mdudu, kupe ni mdudu, funza ni mdudu, hata minyoo wa tumboni ni wadudu. Siku moja mzee alitaka dawa kali ya wadudu wa mbwa, nikamwuliza maswali yangu matatu, kumbe alitaka kunyunyizia sukuma wiki. Mbwa alikuwa amemtaja tu kwa sababu ndiye aliyelalia kitalu. Tulicheka hadi mwenye duka akatoka nyuma kuuliza kuna nini. Kwa hiyo niliuliza. Niliwauliza wachungaji, walimu, askari, mpaka watoto waliotumwa na vikaratasi. Mtu mmoja tu ndiye sikumwuliza.

Baba alikuwa amestaafu kiwanda cha karatasi pale Webuye, akarudi nyumbani Bokoli kukaa na ng'ombe wawili na mbwa mmoja. Mama alikuwa amefariki nikiwa kidato cha tatu. Kaka zangu walikuwa Nairobi, wanarudi Krismasi ikiwa kuna Krismasi. Yule mbwa alimfuata baba kutoka sokoni mwaka mmoja baada ya mimi kuhamia Kitale, dume la rangi ya udongo lenye sikio moja lililolala, na baba hakulifukuza. Hakulipa jina pia. Akipiga mluzi, linakuja.

Lazima nieleze jambo hili ili nieleweke. Tulipokuwa watoto, mbwa wetu hakuthubutu kukanyaga hata kivuli cha jiko. Baba angemrushia kiatu. Sasa nikienda kumtembelea namkuta amekaa kwenye kigoda, sahani ya ugali magotini, anakata tonge lake na tonge la mbwa, na anamweleza bei ya mbolea. Nilimcheka siku ya kwanza. Akaniambia, "Huyu hanikatizi." Sikucheka tena. Nilielewa kuwa nyumba ile ilikuwa na sauti moja tu ya mtu, na kwamba bila mbwa wa kuisikiliza nayo ingenyamaza.

Basi baba alinipigia simu Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa ambayo duka limejaa mpaka mlangoni. Alitumia simu ya kulipia ya jirani. Kwake simu ilikuwa ofisi, kwa hiyo akiishika aliacha lugha ya nyumbani na kuzungumza Kiswahili cha kiwandani, kwa sauti ya kufika Kitale bila waya.

"Haro! Haro! Mama, ni mimi." Aliniita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake.

"Baba, shikamoo. Kuna nini?"

"Hii mbwa iko na wadudu. Inajikuna mpaka inaria. Wewe ndio unajua mambo ya dawa. Tuma ile kari."

Nilihisi kitu kitamu kifuani, wacha niseme ukweli. Baba yangu ananihitaji. Mbele yangu kulikuwa na mwanamume anagonga kaunta kwa ufunguo wa pikipiki, na nyuma yake kina mama watatu. Nikasema, "Sawa baba, naituma kesho." Simu ikakatika.

Nilituma dawa ya unga, ya viroboto. Haikuhitaji kufikiri. Nyumba yetu ya zamani ilikuwa ya sakafu ya udongo, na viroboto ndio waliotulea pamoja na mama. Kila Ijumaa mama alisiriba sakafu kwa samadi na majivu, akatoa magodoro juani, akamfukiza mbwa kwa moshi wa majani ya tumbaku hadi mbwa akapiga chafya. Kwangu, wadudu wa mbwa wa nyumbani walikuwa wale wale waliokuwa wakituruka miguuni tukisoma. Nikafunga mkebe kwa gazeti, nikaandika maelezo kwa herufi kubwa: mpake mgongoni na tumboni, anika gunia lake, usimwache ajilambe. Nikampa kondakta wa gari la asubuhi, nikarudi kazini nikijiona daktari.

Wiki iliyofuata baba alipiga. "Nimepaka. Rakini bado."

"Rudia, baba. Mayai yao huanguliwa baadaye." Maneno ya kitaalamu kabisa.

Akarudia. Wiki ya tatu alipiga tena, na safari hii hakupaza sauti. "Mama, imekataa ugari." Akaongeza, "Hata ya maziwa."

Niliomba ruhusa, nikatia kwenye mfuko chupa ya dawa ya kuogeshea, na nikafika Bokoli Jumamosi alasiri. Baba alinilaki langoni, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema, na alikuwa anatabasamu. Nakumbuka lile tabasamu kuliko vile ningependa.

Mbwa alikuwa kwenye gunia kando ya ghala, mweupe kwa ule unga wangu, utadhani ametoka kusaga posho. Alitikisa mkia mara moja akaacha. Nikachuchumaa, nikainua lile sikio lililolala.

Walikuwa wamejipanga ndani kama mbegu za mbarika, wakubwa, wa kijivu, wameshiba. Nikaangalia sikio la pili. Nikaangalia katikati ya vidole, chini ya mkia, kwapani. Kila mahali. Hapakuwa na kiroboto hata mmoja. Unga ule ungeweza kumwua kiroboto wa mwisho Bungoma nzima, na kupe wangeendelea kunywa.

"Baba, hawa ni kupe!"

"Ndio hao," akasema.

"Mbona hukuniambia ni kupe?"

"Nirisema wadudu."

"Wadudu si jina, baba!" Nilipaza sauti. Kumpazia baba sauti uani kwake ni jambo ambalo sikuwahi kulifanya, na sijui nilimkasirikia yeye au nilijikasirikia mimi. "Ungesema kupe ningetuma dawa nyingine. Dawa iko kwenye rafu, naifikia hata bila kiti. Neno moja tu!"

Akatazama ng'ombe wake. Kisha akasema kwa sauti ya chini, na bado kwa Kiswahili, "Hiyo neno, mama, mimi nirishaiacha."

Nikakumbuka. Au niseme, nikaelewa kwamba na yeye alikuwa anakumbuka.

Nilipomaliza shule nilikaa nyumbani miaka miwili. Alama hazikutosha chuo, mama hayupo, na mimi nilikuwa nimekasirika na dunia nzima, nikilala mpaka jua liingie dirishani. Baba alikuwa ameanza maisha ya kustaafu na hakuyapenda. Siku moja alinikuta nimekula nyama aliyokuwa amewawekea mafundi wa ghala. Baba akikasirika kidogo huongea lugha yetu. Akikasirika sana huhamia Kiswahili, kwa sababu ndicho alichofokewa nacho na wasimamizi miaka yote. Akaniambia mbele ya mafundi, "Wewe ni kupe. Umeng'ang'ania hapo unafyonza tu." Mmoja wa wale mafundi alicheka. Nilifungasha nguo wiki hiyo hiyo nikaenda Kitale kwa shangazi, na ndivyo nilivyopata kaunta yangu.

Hakuniomba msamaha. Mzazi wa kwetu haombi msamaha, anakutumia kuku. Alinitumia kuku watatu kwa mwaka mmoja na mimi nikawala, mambo yakaisha. Hivyo nilidhani. Kumbe aliliondoa neno lile mdomoni mwake moja kwa moja, akaishi na ng'ombe na mbwa bila kulitamka nikiwa karibu, na hata mbwa alipokuwa analiwa akiwa hai baba alishika simu na kulizunguka. Mimi ninayeuza dawa ya kupe ndiye mtu pekee duniani ambaye baba asingeweza kumwambia neno kupe.

Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumtikisa. Nikaomba mkebe na mafuta ya taa.

Tulikaa chini wote wawili tukawatoa, mmoja mmoja, kwa kuvuta moja kwa moja bila kuminya, tukiwatumbukiza kwenye mafuta ya taa. Baba alishika kichwa. Mbwa hakulia. Hilo ndilo lililonitia hofu, maana mbwa mzima hukubali masikio yake yaguswe mara moja tu. Tulipomaliza nikamwogesha, nikamfunika kwa koti la zamani la baba, kisha nikafunua mdomo wake. Ufizi ulikuwa mweupe kama karatasi. Akakojoa pale pale alipolala, mkojo wa rangi ya chai isiyo na maziwa.

Nilipanda hadi kwenye mwinuko wa barabarani, mahali mtandao unapatikana, nikampigia mwenye duka. Nikamweleza.

"Ufizi?"

"Mweupe."

"Mkojo?"

"Kama chai ya rangi."

"Hao wameshamwachia ugonjwa kwa damu. Kuwatoa sasa ni kama kufukuza mwizi ameshauza ng'ombe. Anataka sindano, na anataka leo." Kisha akauliza, "Lakini wewe si ulituma dawa wiki tatu zilizopita? Kwani hukuuliza wadudu gani?"

Nikamwambia mtandao unakatika. Mtandao haukuwa unakatika. Nilikata mwenyewe, nikasimama pale kwenye mwinuko nikiangalia magari yanayoelekea Webuye. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu. Duka la dawa za mifugo la Webuye lilikuwa limefungwa, na halingefunguliwa hadi Jumatatu.

Jumapili baba alienda kanisani peke yake, nikabaki nikimdondoshea mbwa maji ya sukari kwa kijiko. Mengi yalitoka upande wa pili wa mdomo. Saa nane mchana nikasikia wimbo langoni. Kina mama watano wa kanisa, wamevaa vitambaa vyao vyeupe, mmoja na pakiti ya sukari, mwingine na mkate, wa tatu amejitwisha unga wa ugali. Baba alikuwa amesimama katika ibada akaomba waumini wamkumbuke mgonjwa wa nyumbani kwake. Hakusema nani. Wao wakajua tu ni mimi, msichana wa Kitale aliyerudi ghafla, na labda walikuwa wameshaanza kukisia ugonjwa.

"Mgonjwa wetu yuko wapi?" aliuliza mwenye sukari, akiniangalia tumbo.

Baba akawaongoza mpaka ghala. Mmoja akasema, "Ati mbwa?" Mwingine akajifunika mdomo kwa kitambaa, mabega yakimtikisika. Aliyekuwa na mkate aliurudisha kwapani. Nilitamani ardhi inimeze, kisha nikamwona baba amevua kofia, amesimama wima kama mtu aliyefikiwa na wageni wa heshima, na aibu ikanitoka yote. Mkubwa wao, bibi mwenye fimbo, akasema, "Sisi tumeambiwa kuna mgonjwa. Huyu si mgonjwa?" Akaomba. Aliomba sana, akisema "mgonjwa huyu" na "nyumba hii" na "mzee wetu", bila kumtaja mbwa mahali popote. Wakaacha sukari na unga. Mkate waliondoka nao.

Jumatatu nilikuwa Webuye kabla duka halijafunguliwa. Daktari wa mifugo, wakaniambia, ameenda kumzalisha ng'ombe wa mtu upande wa juu, atarudi. Nilikaa kwenye benchi. Nilihesabu chupa kwenye rafu, nazijua zote kwa rangi ya vifuniko, na hakuna hata moja iliyonifaa. Hicho ndicho kilichoniuma zaidi. Watu waliingia wakauliza dawa ya wadudu, na kijana wa kaunta akawapa bila kuuliza swali lolote, nami nikakosa hata nguvu ya kumkemea. Ningemkemea kwa mdomo gani? Daktari alirudi saa tano na nusu, mabuti yamejaa damu na tope.

"Ni ng'ombe?" akaniuliza.

"Ni mbwa."

Waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Yeye hakucheka, sharti nimpe haki yake. Aliuliza dalili, akatikisa kichwa. "Ana uzito gani?"

"Kama debe la mahindi. Sasa labda pungufu."

"Mimi siwezi kufika huko leo, dada. Niko na ng'ombe wengine wawili wananingoja." Akavuta dawa ya manjano ndani ya bomba la sindano, akalifunika, akalizungushia gazeti. "Mdunge kwa nyama ya paja. Polepole. Kama bado anapumua, hii ndiyo yenyewe."

Nilikuwa nimeuza mamia ya sindano na sijawahi kumdunga hata kuku. Nilipanda boda boda ya baiskeli kutoka barabara kuu, nimeshika lile gazeti kwa mikono miwili, na kila kilima nilishuka nikasukuma na mwenye baiskeli ili tufike. Nilikuwa nikisali pia. Nilisali kama yule bibi, bila kutaja mbwa, endapo Mungu naye ni wa kucheka.

Baba alikuwa amekaa chini, si kwenye kigoda, miguu ameinyoosha mbele. Alishika tawi la mti wa msanduku akifukuza nzi. Nilijua nikiwa bado langoni, kwa sababu mbwa hufukuza nzi wake mwenyewe.

"Ameenda saa sita hivi," baba akasema. Alisema kwa lugha yetu, taratibu. "Alinyoosha miguu, akaniangalia, basi."

Nilisimama pale na gazeti langu. Nilitaka kusema pole, nikasikia sauti ikitoka ambayo haikuwa neno. Nililia kama mtoto, mbele ya baba, nikimwambia ni mimi, ni mimi sikuuliza, kila mtu namwuliza, wewe sikukuuliza. Aliniacha nikalia mpaka nikamaliza, kisha akaonyesha mkononi mwangu kwa lile tawi.

"Hiyo ndiyo dawa?"

"Ndiyo, baba."

"Mdunge."

Nikadhani sikusikia. "Baba, amekufa."

"Naona." Akasogea, akalivuta lile koti pembeni, akaushika mguu wa nyuma wa mbwa kwa mikono yote miwili, barabara, kama vile angeweza kuruka. "Umetoka mbali na hiyo dawa, mama. Usirudi nayo."

Nikapiga magoti. Nilitafuta nyama ya paja kwa kidole gumba, nikaingiza sindano, nikasukuma polepole kama nilivyoagizwa, mpaka ile manjano ikaisha yote kwenye bomba. Baba hakuachilia mguu. Nikaitoa sindano, nikapasugua mahali pale kidogo, ili isiume.